Adhuhuri Katika Kijiji cha Harambe

Wengi wenu mmeniuliza habari za safari yangu ya Marekani, na hasa habari za ile bustani kubwa ya michezo iliyoko Florida, ambayo watoto wetu huiona katika picha. Nimekawia kuwajibu, kwa kuwa jambo kubwa nililojifunza huko si la bembea wala la fataki, bali ni jambo la saa sita mchana. Nitawasimulia kama lilivyotukia, wala kosa langu sitalificha.

Ndugu yangu mdogo hukaa Atlanta pamoja na mkewe na watoto wao wawili, mvulana wa miaka 9 na msichana wa miaka 6. Kazi yake ni ya usiku, katika ghala kubwa la bidhaa. Kwa muda wa miaka miwili alikuwa akiweka akiba kidogo kidogo, ili awapeleke watoto Florida katika likizo ya mwezi wa Julai. Nilipofika kuwazuru, akataka niende nao. Basi tukatoka Atlanta alfajiri kwa motokaa, tukaenda karibu kilometa 700 kuelekea kusini, na jua lilipotua tulikuwa tumekwisha kufika katika nyumba ya wageni karibu na mji wa Orlando.

Mahali penyewe huitwa Walt Disney World. Palifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, karibu miaka mitano baada ya kufa kwake Walt Disney, ambaye alifariki mwezi wa Desemba 1966. Wengi hudhani ya kuwa ni bustani moja, lakini ni bustani nne, kila moja na lango lake, na kutoka hii hata ile ni mwendo wa gari. Ya kwanza kujengwa ni Magic Kingdom, yenye ngome ya Cinderella ambayo kimo chake ni futi 189. Ya mwisho ni Animal Kingdom, bustani ya wanyama, iliyofunguliwa mwaka 1998. Hapo mwanzo kiingilio cha mtu mzima kilikuwa dola 3 na nusu, na michezo ililipiwa mbali. Siku hizi cheti cha siku moja hupita dola 100. Hesabu watu wazima watatu na watoto wawili, kisha uzidishe kwa siku tatu, ndipo utakapofahamu kwa nini ndugu yangu aliingia langoni ameshika karatasi mkononi.

Katika karatasi ile aliandika mambo 17 ya kutazamwa siku ya kwanza, akayapanga kwa saa zake. Akaniambia, "Kaka, tusipoyaona yote, nitakuwa nimetupa fedha yangu." Sikumjibu neno. Mimi nilikuwa mgeni, na fedha ilikuwa yake.

Asubuhi ile ilikuwa njema sana. Tulivuka ziwa kwa kivuko, na watoto walipoiona ngome kwa mbali walipiga kelele za furaha hata watu wakageuka kutucheka. Hata saa nne tulikuwa tumekwisha kufuta mambo matano katika karatasi. Lakini jua nalo lilikuwa likipanda. Katika nchi ile joto la mwezi wa Julai hufika nyuzi 33 za Selisiasi, nasi watu wa pwani tungesema hilo si neno geni. Walakini kuna tofauti. Sisi kwetu hupata upepo wa kusi utokao baharini, lakini Orlando iko katikati ya nchi, mbali na bahari zote mbili, hewa imejaa unyevu, na jasho halikauki mwilini. Tena mtu hukanyaga sakafu ngumu ambayo imekunywa jua tangu asubuhi, nayo humrudishia joto lile kutoka chini, na mtoto mfupi ndiye aliye karibu nalo kuliko sisi.

Saa saba msichana akanyamaza. Tangu asubuhi alikuwa akiuliza maswali yasiyo na mwisho, na sasa hakuuliza kitu. Mama yake akasema, "Mtoto huyu amechoka." Baba yake akatazama karatasi, akajibu, "Bado mawili tu, kisha tutakula." Shemeji akanitazama mimi, kwa kuwa mkubwa wa nyumba ni mimi, na neno langu lingesikiwa. Nami niliona kama alivyoona yeye. Nimekuwa mwalimu kwa muda wa miaka 31, najua sura ya mtoto aliyechoka. Lakini nilinyamaza, maana niliogopa kumharibia ndugu yangu siku aliyoingoja miaka miwili. Wasomaji wangu, hilo ndilo kosa nililosema sitalificha.

Kabla ya saa nane, tukiwa katika mstari wa mchezo wa nane, msichana alisema kichwa kinamwuma. Nikamshika mkono, nikaona ngozi yake ni baridi na imelowa jasho, na uso umegeuka rangi. Mara akatapika, na magoti yakamlegea. Baba yake akamchukua mikononi, na mmoja wa watumishi wa mahali pale akatuongoza mpaka chumba cha wauguzi, kwani kila bustani ina chumba kama hicho, nacho hakitozi ada. Wakamlaza mahali penye hewa baridi, wakamfunika shingo na kwapa kwa vitambaa vilivyolowa maji, wakampa maji ya kunywa kidogo kidogo. Muuguzi akatuambia kwa upole ya kuwa tulimleta kwa wakati. Kama mtoto angechanganyikiwa maneno, au kama mwili ungewaka moto kufikia nyuzi 40, hiyo ingekuwa hatari ya kifo, wala tusingengoja kumchukua mikononi, bali tungepaswa kuita gari la wagonjwa papo hapo.

Baada ya muda wa saa moja msichana alianza kuuliza maswali tena, nasi tukamshukuru Mungu. Tukarudi nyumba ya wageni. Fataki za usiku hatukuziona, na mvulana akalala akilia. Ndugu yangu aliketi ukingoni mwa kitanda, ile karatasi i magotini pake, asiseme neno hata usiku wa manane.

Siku ya pili hatukutoka. Muuguzi alituonya tusimpeleke mtoto juani upesi, na cheti cha siku tatu hakimlazimishi mtu kuzifuatanisha siku zake, bali humwachia nafasi ya kupumzika katikati. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa tangu mwanzo, lakini katika haraka yetu hatukuwa tumelijali.

Siku ya tatu tukaenda Animal Kingdom. Humo mna mbuga iliyotengenezwa, ukubwa wake ekari 110, na watu huizunguka kwa magari makubwa yaliyo wazi ubavuni. Wameiita kwa jina la mlima wetu Kilimanjaro. Baadhi ya mibuyu yake ni ya saruji, lakini twiga na tembo na simba ni wa kweli. Tulichelewa katika mstari, na zamu yetu ilipofika ilikuwa karibu saa tano na nusu. Tembo walikuwa wamesimama penye kivuli wakipunga masikio yao, na ndivyo wajipozavyo damu. Simba walikuwa wamelala juu ya mwamba, hata mkia hautikisiki. Mvulana akaniuliza, "Baba Mkubwa, mbona simba wamelala mchana?" Nikamwambia ya kuwa simba hulala saa 16 hata 20 kwa siku, na kwamba huwinda jua likiisha kupoa. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi simba ana akili kuliko sisi." Baba yake alisikia, wala hakucheka.

Tuliposhuka garini tukatokea katika kijiji kiitwacho Harambe. Hapo nilisimama kama mtu aliyeota ndoto. Wajenzi wa bustani ile walisafiri Afrika ya Mashariki kabla ya kujenga, na mji waliouchukua kuwa mfano wao ni Lamu. Nami katika ujana wangu nilifundisha Lamu kwa muda wa miaka minne. Nikaona kuta nyeupe zilizobanduka chokaa, ingawa hazijatimiza miaka 30. Nikaona milango na madirisha kama ya kwetu, na mapaa ya nyasi, na maneno ya Kiswahili yameandikwa ukutani kwa rangi iliyofifizwa kusudi, ili yaonekane ya zamani. Hata jina la kijiji latokana na neno letu harambee, ila wamelipunguza herufi moja. Nikawaonyesha watoto, nikawasomea maneno yale, nao wakajivuna mbele ya watoto wengine kwa kuwa baba yao mkubwa aijua lugha ya ukutani.

Lakini nilipokwisha kustaajabu, nilihisi ya kuwa kuna kitu kisichokuwa sawa, nami sikujua ni kitu gani. Nikaitazama saa yangu. Ilikuwa saa sita na nusu. Ndipo nikafahamu.

Mji wa Lamu wenyewe, saa kama hiyo, huwezi kuona umati njiani. Watu wakiisha kuswali adhuhuri, maduka mengi hufungwa. Punda husimama katika kivuli cha ukuta. Njia ni nyembamba, nyumba ni ndefu, hata jua laona taabu kufika chini. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari ni za boriti, hivi kwamba mtu akiingia ndani huona kama ametia mguu kisimani. Watu hula, kisha hujinyosha. Wenye usingizi hulala, wasio na usingizi huzungumza kwa sauti ya chini ili wasiwaamshe wengine. Mimi nilipofika pale, kijana mwenye bidii, nilidhani ni uvivu, na siku moja nikapita kugonga milango ya wazazi saa saba ili kuwauliza habari za ada ya shule. Mzee mmoja alinifungulia, akanikaribisha, akaniletea maji, akaniambia, "Mwalimu, nyumba hizi zimejengwa kwa ajili ya saa hii. Wewe waenda wapi?" Jua likiisha kuelekea alasiri milango hufunguka tena, barazani hujaa watu, na mji huamka kama kwamba ni asubuhi ya pili.

Basi wajenzi wa Harambe walikuwa wameiga kuta za Lamu, na milango yake, na hata uchakavu wake. Adhuhuri yake hawakuweza kuiiga. Mbele yangu walipita baba na mama wengi, nyuso zao nyekundu kwa jua, wakisukuma vigari vya watoto, na watoto ndani yake wanalia au wamelala vichwa vimeanguka upande. Kila baba alikuwa na karatasi yake, ijapokuwa wengi waliibeba katika simu. Hakuna aliyekuwa mbaya. Wote walikuwa watu kama ndugu yangu, waliofanya kazi na kuweka akiba, na ambao waliogopa kupoteza saa moja ya kile walichokilipia.

Hapo sikunyamaza tena. Nikamwita ndugu yangu kando, tukaketi kwenye kiti kirefu penye kivuli, nikamwambia habari ya yule mzee wa Lamu na milango niliyoigonga. Kisha nikamkumbusha habari nyingine, ambayo Walt Disney mwenyewe aliisimulia. Alikuwa baba wa wasichana wawili, na siku za mapumziko aliwapeleka katika bustani ya Griffith Park, mjini Los Angeles. Wao walipanda farasi wa mbao wanaozunguka, naye aliketi kwenye kiti kirefu akila njugu. Ndipo alipofikiri ya kuwa pangefaa pawepo mahali ambapo wazazi na watoto wafurahi pamoja. Kutokana na kiti kile ikatoka Disneyland ya California, iliyofunguliwa tarehe 17 Julai 1955, siku yenye joto kali hata visigino vya viatu vya wanawake vikazama katika lami. "Waona," nikamwambia, "mambo haya yote yalianzwa na baba aliyeketi. Sisi tumekuja kuyatazama, nasi hatutaki kuketi."

Ndugu yangu akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Kaka, juzi uliona ya kuwa mtoto amechoka?" Nikamjibu, "Niliona." Akasema, "Mbona hukuniambia?" Nikamwambia ukweli, ya kuwa niliogopa kumharibia siku yake. Akainamisha kichwa, akasema, "Nami niliona, Kaka. Niliogopa kitu hicho hicho." Tukatazamana, tukacheka kidogo, lakini kicheko hicho kilikuwa karibu na machozi. Maana mtoto mmoja alikuwa amezungukwa na watu wazima watatu waliomwona, na wawili kati yao walinyamaza kwa ajili ya fedha iliyokwisha kutumika.

Tukatoka langoni saa saba kasorobo. Vyeti vyetu tukavihifadhi, kwani mwenye cheti aweza kutoka na kurudi siku iyo hiyo pasipo kulipa tena. Tukala chakula cha mchana, wali na kuku, kisha shemeji akafunga mapazia. Msichana akalala kabla hajavua viatu. Mvulana aliapa ya kuwa hatalala, naye akalala baada ya dakika kumi. Mimi nilijinyosha juu ya kiti, nikasikiliza. Yapata saa tisa ngurumo zikaanza, na mvua ikashuka kwa kishindo. Hiyo ndiyo desturi ya nchi ile, tangu mwezi wa Juni hata Septemba. Upepo hutoka bahari ya Atlantiki upande mmoja na Ghuba ya Meksiko upande wa pili, hukutana katikati ya nchi, huiinua hewa yenye unyevu, na jioni haiji mara nyingi pasipo radi. Radi ikikaribia, michezo ya nje husimamishwa, na watu hukimbilia vibandani. Sisi tuliisikia kwa mbali, tukiwa kitandani.

Saa kumi na moja tukarudi. Njia zilikuwa zimeoshwa na mvua, hewa imepoa, na mistari imekuwa mifupi, kwa kuwa wengi waliokesha juani walikuwa wamekwisha kwenda zao. Wale simba walikuwa wameamka. Msichana akaanza tena maswali yake, na baba yake alimjibu yote.

Siku ya nne tulirudi Magic Kingdom, tukafanya vivyo hivyo. Tulikuwa langoni kabla halijafunguliwa, tukatoka kabla ya saa sita, tukalala, tukarudi alasiri. Usiku tuliona fataki juu ya ngome, na msichana alikuwa mabegani mwa baba yake, macho wazi, mikono imemshika masikio. Mambo 17 hatukuyamaliza. Tuliona 12. Lakini nilipomwuliza mvulana, njiani kurudi Atlanta, aliweza kunisimulia yote ya siku ya nne, na ya siku ya kwanza, ambayo yalikuwa saba, alikumbuka mawili tu. Wahenga wetu walinena kweli, mtaka yote hukosa yote.

Wasomaji wapenzi, najua ya kuwa wachache wenu watakwenda Florida. Lakini kila mwaka twawapeleka watoto katika maonyesho ya Sabasaba huko Dar es Salaam, na maonyesho ya kilimo ya Mombasa, na walimu huwaongoza wanafunzi katika safari za shule kwa basi moja na siku moja. Nauli imelipwa, chakula kimefungwa, nasi twataka waone kila kitu. Basi pangeni saa ya adhuhuri kabla ya kupanga jambo jingine lolote. Tangulieni asubuhi na mapema. Jua likifika utosini, tafuteni mti, au baraza, au jumba lenye viti, hata kama malazi yenu ni mbali. Wapeni watoto maji kabla hawajaomba, kwani mtoto anayecheza husahau kiu yake, na mwili wake hupata joto upesi kuliko wetu. Mtoto aliyenyamaza ghafula, mtazameni vema. Na wewe uliyemwona, ijapokuwa u mgeni, wala fedha si yako, sema.

Ile karatasi ya ndugu yangu ninayo mimi, maana aliniomba niichukue iwe kumbukumbu. Katika upande wa nyuma aliandika mpango wa siku ya nne kwa mkono wake. Asubuhi kuna mambo manne, na jioni kuna mawili. Katikati, kuanzia saa sita hata saa kumi, ameacha nafasi kubwa nyeupe, na ndani yake ameandika neno moja tu: Lamu.